Video za Nyimbo na Jasho la Mwanamke

Hakuna mwananchi wa kisiwa hiki asiyejua kwamba wimbo hufunza. Mtoto aweza kusahau somo la darasani, lakini hasahau wimbo. Na siku hizi wimbo hausikilizwi tu, bali hutazamwa. Kutoka Micheweni hadi Mkoani, vijana wetu hutazama video za nyimbo katika simu za mkononi asubuhi na usiku. Kwa hiyo hatuna budi kujiuliza: video hizo zinamfunza nini mtoto wa kike juu ya nafasi yake katika jamii, na zinamfunza nini kaka yake?

Suala hili si geni kwetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri hadi 1994. Na kabla ya picha kulikuwa na santuri. Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoundwa Unguja mwaka 1905, ilikuwa ya wanaume. Aliyefungua mlango ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wanyonge. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, akatia sauti yake katika santuri kwa lugha ya Kiswahili. Wala hakuimba mapenzi matupu. Katika wimbo wa "Kijiti" alieleza kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Huyo alikuwa mwanamke akihoji haki mbele ya umma.

Tutazame sasa video za leo. Nyingi zina sura mbili tu za mwanamke. Ya kwanza ni mwanamke pambo: amekaa katika nyumba ya kifahari au gari ya thamani, na vyote ni mali ya mwanamume anayeimba. Ya pili, ambayo taarab ya mipasho imeikuza, ni mwanamke anayemrushia vijembe mwanamke mwenzake kwa sababu ya mume. Katika sura zote mbili mwanamke hana kazi, hana elimu, hana chake. Thamani yake hupimwa kwa mwanamume aliyempata au aliyemkosa. Wako wanaodhani kwamba picha hizi zinavunja mila kwa sababu mavazi yake ni mapya. Sisi tunaona kinyume chake. Nguo ni mpya, lakini fikra ni ile ile kongwe ya kumfanya mwanamke kuwa kitu cha kumilikiwa.

Je, huyo ndiye mwanamke wa Pemba? Bamvua likifika na maji yakitoka, wanawake huingia pwani na kamba na vigingi, wakapanda mwani, wakauvuna, wakaubeba na kuuanika. Tangu kilimo hiki kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, wanawake ndio wengi wa wakulima wake, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mavuno. Msimu wa karafuu, wanaume hupanda mikarafuuni, nao wanawake huchambua usiku na kuanika mchana. Mwalimu Nyerere, katika "Ujamaa Vijijini" ya mwaka 1967, alikiri wazi kwamba mwanamke wa kijijini hufanya kazi kuliko mwanamume. Na dini yetu, katika Sura ya An-Nisaa, imekwisha kuthibitisha kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma. Basi video inayoonyesha kwamba mwanamke hapati ila kwa kupewa haipingani na maendeleo peke yake. Inapingana na mafunzo tuliyoyapata chuoni.

Haki yatutaka tuseme pia upande wa pili. Mwanamke anayeimba katika video ni mfanyakazi, na sauti ndiyo jembe lake. Khadija Kopa aliimba Culture Musical Club, kisha TOT, kikundi cha Chama, na binti yake Zuchu akafuata njia hiyo kwa muziki wa kizazi kipya tangu 2020. Mama na binti wamekula jasho lao. Msichana anayewatazama hujifunza, hata kama maneno ya wimbo hayasemi hivyo, kwamba kazi ya mwanamke yaweza kumpa riziki na jina.

Mwezi Machi 2024, baraza linalosimamia sanaa na utamaduni Zanzibar lilimfungia Zuchu miezi 6 kwa maneno na vitendo vyake jukwaani huko Kendwa. Bara nako, mwaka 2018, Diamond Platnumz na Rayvanny walifungiwa kwa sababu ya wimbo "Mwanza". Hatupingi maadili kulindwa. Lakini ukaguzi ukiishia kwenye nguo na matamshi, unaacha kasumba kubwa zaidi ipite bila kuguswa. Video yaweza kuwa na mwanamke aliyejisitiri kutoka utosini hadi nyayoni, na bado ikamfunza kijana kwamba mke ni mali.

Kwa hiyo tunatoa rai. Wakaguzi wetu wapime pia hadhi ambayo wimbo unampa mwanamke. Shirika la Utangazaji Zanzibar na maofisa wa utamaduni wa Mikoa yetu miwili wawasaidie wasanii wa Wete, Chake Chake na Mkoani kutengeneza video zao wenyewe, zenye wakulima wa mwani, walimu, wakunga na wanafunzi wa kike. Na sisi wazazi tukae na watoto wetu tuzitazame video hizo pamoja nao, tuwaulize wameona nini, badala ya kuwanyang'anya simu na kudhani tumemaliza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwanamke wa Pemba yuko kwao, na kazi yake twaila kila siku. Ni wajibu wetu kumtunza, na kuanza kumwonyesha kama alivyo.