Maji Yakipwa Paje

Mgeni mmoja aliniambia kuwa Paje ameipenda kwa sababu hapana kitu: mchanga mweupe, upepo na bahari basi. Nilinyamaza, maana mgeni hajibiwi ovyo. Lakini pale alipokuwa akinyoosha kidole ndipo yalipokuwa mashimo ya makumbi ya bibi yangu.

Paje iko pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Siku hizi sifa yake ni kaiti: mtu husimama juu ya ubao akavutwa na tiara kubwa, akateleza juu ya maji. Upepo wenyewe ni uleule wa wazee, Kusi la katikati ya mwaka na Kaskazi la kuanzia Disemba. Zamani manahodha wa majahazi walipangia safari zao, leo wenye mahoteli hupangia wageni wao. Kwa hilo sina ugomvi. Upepo hauna mwenyewe.

Pwani ndiyo yenye wenyewe. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukimbia mbali kuelekea mwambani, na sakafu yote ya bahari hubaki wazi. Hapo wanawake hushuka. Hawaulizi saa, huuliza leo mwezi ngapi.

Bibi alikuwa akifukia makumbi ya nazi mchangani, akayaelemeza mawe, akayaacha miezi mingi yaoze. Ungedhani mawe yale yote ni mamoja, lakini kila mwanamke aliyajua yake, na hakuna aliyefukua shimo la mwenziwe. Siku ya kufukua harufu ilitutoa machozi sisi watoto. Makumbi yalipigwa kwa gongo mpaka usumba ukabaki mtupu, ukaoshwa, ukaanikwa, jioni ukasokotwa kamba. Kamba hiyo ilifunga mapaa ya makuti na vyombo vya baharini. Na gongo halikupigwa kimya: mashauri ya ndoa na mapatano ya waliogombana yalimalizwa palepale, kabla wanaume hawajapata habari.

Mwaka 1989 ukaja ukulima wa mwani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wanawake wakapigilia vigingi, wakafunga mbegu kwenye kamba, na kwa mara ya kwanza wengi wao wakashika fedha isiyopitia mkononi mwa mume. Mabati na sare za skuli zilitoka humo. Kisha bahari ikazidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri ikawa inaoza na kufa. Wanaoendelea hulima zaidi ile yenye bei ndogo, na mtalii huwapiga picha bila ya hodi, akisikitika: maskini wale! Angewaamkia kwanza, angejua kuwa yuko shambani kwa watu.

 

Sisemi kaiti iondoke. Vijana wetu wanaifundisha na wanakula kwayo. Ninachokataa ni kusimuliwa kwamba bahari hii ilikuwa imelala mpaka mbao zilipokuja kuiamsha. Ukuta wa kwanza wa hoteli ulipojengwa tulizunguka. Wa pili ulipojengwa tulizunguka zaidi. Sasa bi mkubwa mwenye kapu kichwani hufika majini maji yanapoanza kujaa.

Safari yangu ya mwisho nilimkuta mama mdogo akifunga ua wake kwa kamba ya nailoni ya dukani. Nikamuuliza mawe ya bibi yako wapi. Akanishika mkono mpaka kwenye lango la hoteli moja, akanionesha: yamepangwa safu mbili, yamepakwa chokaa, yanapamba njia ya kuingilia. Akayahesabu kwa kidole, la bibi, la jirani, la shangazi, kisha akageuka.

“Twende,” akasema. “Maji yanajaa.”