Jembe, Mbaazi na Usingizi: Sayansi ya Kuujenga Mwili

Tangu zama za kale binadamu ameujenga mwili wake kwa kazi, lakini elimu ya kuujenga kwa kipimo ni changa. Wagiriki walisimulia habari za Milo wa Croton, mpiga mweleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, ambaye inasemekana alimbeba ndama kila siku hata ndama akawa fahali, naye Milo akaweza kumbeba fahali huyo. Hadithi hiyo bila shaka imetiwa chumvi, lakini kanuni iliyomo ni ya kweli. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha matokeo ya kuwatibu majeruhi wa vita kwa vyuma vizito vilivyoongezwa uzito hatua kwa hatua. Misuli iliyokuwa imedhoofika ilirudi katika nguvu zake.

Katika miji yetu siku hizi imezuka kazi inayotegemea kanuni hiyo, nayo ni ya mwalimu wa mazoezi, yaani mtu anayelipwa ili amwongoze mtu mmoja mmoja katika mazoezi na chakula. Aghalabu mwalimu wa namna hiyo alianza kwa kuubadili mwili wake mwenyewe. Katika makala haya tutaeleza kanuni tatu anazozifuata, kisha tutazipima katika maisha ya mkulima wa Mandawa, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Swali letu ni hili: mtu anayeshika jembe tangu alfajiri hufanya kazi nzito kuliko wanafunzi wengi wa walimu hao, kwa nini basi huweza kumaliza msimu wa kilimo akiwa amekonda na kuchoka, badala ya kuwa na nguvu zaidi?

Kanuni ya kwanza: mzigo uongezwe kidogo kidogo

Mwili huzoea kile unachotakiwa kukifanya. Msuli uliozoea kuinua kilo 20 hauna sababu ya kujiandaa kwa kilo 30. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuongeza mzigo, lakini kwa kiasi ambacho viungo na kano vinaweza kukimudu. Katika majuma 6 hadi 8 ya mwanzo, nguvu zinazoongezeka hutokana hasa na mishipa ya fahamu: ubongo hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Kunenepa kwa nyuzi zenyewe huonekana baadaye. Mwanafunzi asiyejua jambo hili hujitazama katika kioo baada ya mwezi mmoja, akaona hakuna tofauti, akaacha.

Mfano mwema ni wa mwanariadha wetu Suleiman Nyambui, aliyezaliwa mwaka 1953. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwaka 1987, na tena mwaka 1988, alishinda mbio za marathoni za Berlin, ambazo ni zaidi ya kilomita 42. Baadaye akawa kocha. Kutoka kilomita 5 hadi kilomita 42 ilikuwa kazi ya miaka, wala haikuwa ya mwezi mmoja.

Kanuni ya pili: pumziko ni sehemu ya kazi

Wengi hudhani kwamba nguvu huingia mwilini wakati wa kufanya mazoezi. Sivyo. Kazi nzito huuchosha msuli, hupunguza akiba yake ya sukari, na huziumiza kidogo nyuzi zake. Ujenzi hufanyika baada ya hapo. Kwa saa 24 hadi 48 baada ya zoezi zito mwili hutengeneza protini za msuli kwa kasi kuliko kawaida. Katika usingizi mzito, homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi katika damu. Ndiyo sababu mwalimu stadi hamrudishi mwanafunzi kwenye zoezi lile lile zito kila siku. Leo huifanyisha kazi miguu, kesho mikono, na siku moja katika juma humwacha apumzike.

Kanuni ya tatu: chakula kilingane na kazi

Kulima kwa jembe la mkono hutumia yapata kalori 300 kwa saa kwa mtu mwenye uzito wa kilo 60. Saa 5 shambani ni kalori 1,500, mbali na zile zinazohitajika kwa kupumua, kutembea na kuutia mwili joto. Tena ipo haja ya protini. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia chakula na afya yamependekeza gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima, yaani gramu 50 hivi kwa mtu wa kilo 60. Kwa wanaofanya mazoezi mazito, wataalamu wa michezo hushauri kuanzia gramu 1.2 kwa kilo, yaani gramu 72 kwa mtu huyo huyo.

Kalenda ya Mandawa

Sasa tuzipime kanuni hizi shambani. Ukanda wa Ruangwa na Nachingwea si mgeni wa mafunzo ya mwili: kuanzia mwaka 1965 wapigania uhuru wa FRELIMO walifundishwa katika kambi ya Nachingwea, na huko mazoezi na kilimo vilikwenda pamoja. Lakini mkulima wa kawaida hapangiwi ratiba na mwalimu. Ratiba yake hupangwa na mvua.

Mvua za ukanda huu huja msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili. Zinaponyesha, kazi haiongezwi kidogo kidogo, bali huja yote kwa mpigo: kulima, kupanda, kupalilia. Kanuni ya kwanza imevunjwa. Magugu hayamngoji mtu alale. Kanuni ya pili nayo imevunjwa. Na miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo ghala limekwisha pungua, kwani mavuno ya nafaka hayajafika. Basi kanuni zote tatu huvunjwa kwa wakati mmoja. Mzigo huu humwelemea zaidi mwanamke, ambaye akitoka shambani huteka maji, hutwanga na kupika, pengine akiwa mjamzito au ananyonyesha.

Wakati huo muhogo ndio mwokozi wa wengi. Muhogo hutoa nishati ya kutosha, lakini protini yake ni haba. Gramu 400 za unga wa muhogo zina gramu 7 hivi za protini, ilhali gramu 400 za mtama zina gramu 40 hivi. Ukiongeza gramu 100 za mbaazi kavu utapata gramu 21, na gramu 50 za ufuta zitakupa gramu 9. Mlo wa siku wa mtama, mbaazi na ufuta una gramu 70 za protini, karibu sawa na kile anachoshauriwa mwanamichezo.

Uzuri wa mbaazi na ufuta haupo katika wingi peke yake. Protini hujengwa kwa asidi amino, na ikikosekana moja ujenzi hukwama. Mbaazi ina laisini nyingi lakini methionini kidogo. Ufuta una methionini nyingi lakini laisini kidogo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenziwe. Tena asidi amino zenye salfa, kama methionini, huusaidia mwili kuiondoa sumu ya sianidi inayobaki katika muhogo mchungu usioandaliwa vyema.

Mbaazi na ufuta ni mazao yanayolimwa sana katika ukanda huu, lakini hulimwa hasa kwa kuuzwa. Ufuta huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na inapofika Desemba nyumba nyingi huwa zimebaki na fedha kidogo na mbegu. Si haki kumlaumu mkulima, maana sare za shule, dawa na bati havinunuliwi kwa mbaazi. Hata hivyo, hesabu yenyewe si kubwa. Kwa siku 120 za kazi nzito, mtu mzima anahitaji kilo 12 za mbaazi na kilo 6 za ufuta. Watu wazima wawili watahitaji kilo 24 na kilo 12.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ushauri wetu ni huu. Kabla gunia halijapelekwa mnadani, pimeni sehemu ya nyumba, ikaushwe vyema na kufungwa pasipoingia wadudu. Majuma mawili au matatu kabla ya mvua, anzeni kulima saa moja moja kila asubuhi, ili mikono na mgongo vizoee. Mbaazi ziliwe pamoja na ugali, na ufuta uliokaangwa na kutwangwa utiwe katika mboga, hata mlo ukiwa wa muhogo. Na siku moja katika kila juma, jembe lilale, na mwenye jembe alale pia.