Jiwe Laini, Mtambo Gani?

Kipande cha jasi kutoka Makanya, wilayani Same, hukwaruzika kwa ukucha. Kwenye kipimo cha ugumu alichotunga Friedrich Mohs mwaka 1812, jasi ina namba 2. Kalsaiti, madini yanayojenga mawe ya chokaa, ina 3. Kwazi ina 7. Wengi wanaotafuta mtambo wa kuponda mawe huishia kwenye namba hizo: jiwe ni laini, basi mtambo wowote utalimudu. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Swali zito zaidi ni jiwe hilo limechanganyika na nini.

Kwa chokaa safi na kavu, ningechagua mtambo wa nyundo bila kusita. Mhimili wenye nyundo za chuma huzunguka kwa kasi. Bonge likiingia hupigwa, hurushwa ukutani, hupasuka, na vipande havitoki mpaka vipenye kwenye wavu wa vyuma ulio chini. Bonge kubwa hutoka likiwa kokoto kwa mkupuo mmoja. Mtambo wa taya hubana jiwe kati ya mabamba mawili na kwa kawaida hulipunguza mara 4 hadi 6 tu, hivyo huhitaji mwenzake wa kumalizia.

Sasa itazame nyundo iliyoponda chokaa yenye mchanga wa kwazi. Kona inayotangulia kupiga imelika na kuviringika kama kipande cha sabuni. Chuma cha manganizi, alichovumbua Robert Hadfield mwaka 1882, huzidi kuwa kigumu kadiri kinavyogongwa kwa nguvu. Jiwe laini haligongi vya kutosha, kwa hiyo uso wa nyundo haukomai, na mchanga unaendelea kuukwangua. Hapo taya, pamoja na upole wake wote, hudumu zaidi.

Udongo wenye maji una shida yake. Wakati wa masika hunata kwenye wavu hadi mtambo unasongwa, na mafundi hulazimika kuuzibua. Umeme ukatwe na swichi ifungwe kwa kufuli kabla mkono haujaingia. Hilo halina mjadala. Kwa jiwe la hivyo, zinazofaa ni rola mbili zenye meno, zinazozunguka taratibu. Hizohizo huponda makaa ya mawe bila kuyageuza vumbi jingi.

Kwa chokaa, kipimo ni rahisi. Pima sampuli ikiwa mbichi, ikaushe, upime tena: tofauti ni maji. Kisha maabara iyeyushe unga wake kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Chokaa itatoa povu na kuisha. Mchanga na udongo vitabaki kwenye karatasi ya kuchujia. Uzito wa masalio hayo ndio wa kumpelekea muuzaji wa mtambo kabla hamjazungumza bei.