Bastola ya mtumba: bei poa, risasi je?

Una mshikaji Marekani anayewinda bastola ndogo ya mtumba? Mpe hii aisome kabla hajatoa mkwanja.

Dukani atakuta mbili zinazofanana kama mapacha: Glock 19 ya milimita 9, na Glock 23 inayokula risasi nene zaidi, .40. Ajabu, hiyo nene mara nyingi ndiyo ya bei chee! Jamaa atachekelea. Polepole, kaka.

Kisa kilianza Miami mwaka 1986, majambazi wawili walipowaua makachero wawili wa FBI. Risasi ya milimita 9 ikabebeshwa lawama, na mwaka 1990 ikaingia .40. Lakini kufikia 2016 FBI yenyewe ilishaamua kurudi kwenye milimita 9: risasi zake zilikuwa zimeboreshwa, tena hairushi mkono sana, mtu analenga vizuri. Vikosi vingi vya polisi vikafuata, .40 zao zikamwagwa madukani. Siri ya bei poa ndiyo hiyo.

Sasa piga hesabu. Risasi za .40 kwa kawaida ni ghali zaidi, kwa hiyo nafuu ya leo italiwa kwenye mazoezi. Asipofanya mazoezi ndiyo balaa zaidi, maana risasi iliyokosa shabaha haijui jirani wala mtoto.

Ahakikishe haina risasi, kisha achungulie mtutu: ukiwa na kutu au uvimbe, aiache. Namba imekwanguliwa? Akimbie, hiyo ni kesi. Na bei ikikaribia ya mpya, si bora mpya?