Sayuni, Ufilisti na Ulowezi: Msamiati wa Kiswahili katika Kujifunza Historia ya Mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina, kwa Kurejelea Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna msamiati wa Kiswahili unavyomwongoza, na mara nyingine unavyompotosha, mtu anayejifunza historia ya mgogoro baina ya Waisraeli na Wapalestina. Mifano yetu inahusu zaidi Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu mbili. Kwanza, katika eneo hili Wakristo na Waislamu huishi kijiji kimoja, na pengine ukoo mmoja, huku kila upande ukiwa umerithi majina ya nchi ile kutoka katika kitabu chake kitakatifu. Pili, historia ya ardhi ya Kilimanjaro na Meru chini ya utawala wa Waingereza inampa mwanafunzi njia ya kuielewa historia ya Palestina isiyoanzia katika imani.

Suala hili si la istilahi tupu. Tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas na makundi mengine waliposhambulia kusini mwa Israeli na kuua watu wapatao 1,200, vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa huko kwa mafunzo ya kilimo walikuwa miongoni mwa waliouawa. Mmoja wao alikuwa wa Mkoa wa Kilimanjaro. Mwili wa mwenzake ulirejeshwa kutoka Gaza mwezi Novemba 2025, baada ya vita vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Msiba huo ulizungumzwa nyumbani, makanisani na misikitini kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari nchini kwa kawaida husoma historia kwa Kiingereza, lakini hubishana kwa Kiswahili. Basi ni katika Kiswahili ndimo uelewa wake hujengwa au hubomoka.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno kuhusu mgogoro huu. Tatizo ni kwamba maneno ya kidini hutangulia maneno ya kihistoria akilini mwa mwanafunzi. Tunapendekeza aanze na maneno ambayo historia ya Tanganyika yenyewe imeyapa maana, kama vile dhamana, ulowezi na kuhamishwa, kisha aonyeshwe pia mahali ambapo ulinganisho huo unafika kikomo.

2.0 Majina yaliyoitangulia historia

2.1 Wafilisti na Wapalestina

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na Wafilisti, watu wa Goliathi, muda mrefu kabla ya kusikia habari za Wapalestina. Majina haya mawili yana asili moja. Wagiriki, akiwamo Herodoto katika karne ya 5 K.K., walilitumia jina hilo kwa eneo la pwani ile. Warumi, baada ya uasi wa Wayahudi wa mwaka 132 hadi 135, waliliita jimbo lao Syria Palaestina. Waarabu wakalipokea kama Filastin, na kutoka huko baadhi ya Waswahili wakapata Filastini. Lakini undugu wa majina si undugu wa watu. Wafilisti walikwisha kutoweka kama jamii ya pekee kabla ya zama za Warumi. Wapalestina wa leo ni Waarabu wa nchi ile, wengi wao Waislamu na wengine Wakristo. Asiyeelezwa jambo hili hudhani kwamba ugomvi wa karne ya 20 ni mwendelezo wa vita vya Daudi. Akishadhani hivyo, hana haja tena ya kujifunza historia, kwa kuwa mshindi na mshindwa wamekwisha kutajwa.

2.2 Waisraeli, Wayahudi na Mayahudi

Kosa la aina hiyo hutokea katika neno Waisraeli. Katika Biblia neno hili lina maana ya uzao wa Yakobo. Katika siasa za leo lina maana ya raia wa dola iliyotangazwa tarehe 14 Mei 1948. Takriban raia mmoja kati ya watano wa dola hiyo ni Mwarabu, na Wayahudi wengi wa dunia si raia wake. Kwa hiyo Mwisraeli na Myahudi si visawe.

Hali kadhalika, umbo la wingi lina uzito wake. Maandishi mengi ya Kikristo husema Wayahudi, ilhali tafsiri za Kurani na mawaidha ya Kiislamu hutumia zaidi Mayahudi. Kisarufi, kiambishi ma- hutumika kwa majina mengi ya watu ya kukopwa bila dharau yoyote, kama vile makarani na mahakimu. Lakini kiambishi hichohicho hutumika katika ukuzaji unaoweza kubeba kejeli, kama katika majitu. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji wa upande mmoja anaweza kusikia tusi mahali ambapo msemaji wa upande wa pili ametumia tu neno alilofundishwa chuoni. Mwalimu anayeijua tofauti hii ya lahaja za kidini anaweza kuzima ugomvi ambao hauhusu historia hata kidogo.

2.3 Sayuni na Uzayuni

Mfano ulio bayana zaidi ni Sayuni na Uzayuni. Maneno haya yote yanatokana na jina la kilima cha Yerusalemu, lakini yameingia katika Kiswahili kwa njia tofauti na kwa tahajia tofauti. Sayuni, kwa s, ni la Biblia na nyimbo za ibada. Katika Kilimanjaro, ambako Walutheri wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, limeimbwa kwa vizazi kadhaa. Uzayuni, kwa z, ni la magazeti na redio, na mara nyingi hutamkwa kwa kulaani. Hivyo mtu mmoja anaweza kuipenda Sayuni Jumapili na kuulaani Uzayuni Jumatatu bila kutambua kwamba ametumia mzizi mmoja. Kihistoria, Uzayuni ni vuguvugu la kisiasa lililofanya mkutano wake mkuu wa kwanza mjini Basel mwaka 1897 chini ya Theodor Herzl, likikusudia kuwapatia Wayahudi, waliokuwa wakiteswa hasa katika Ulaya ya Mashariki, makao yao wenyewe. Viongozi wake wengi hawakuwa watu wa dini, na Wayahudi wengi wacha Mungu wa wakati huo waliupinga. Mambo haya hayawezi kubashiriwa kutokana na Sayuni ya nyimbo wala Uzayuni wa redio.

3.0 Ulowezi: neno lenye kumbukumbu ya Afrika ya Mashariki

Neno mlowezi linatokana na kitenzi lowea, yaani kukaa ugenini hata pakawa kwako. Katika Afrika ya Mashariki limebeba kumbukumbu ya Wazungu waliochukua mashamba, na leo vyombo vya habari vya Kiswahili hulitumia kwa Wayahudi wanaoishi katika Ukingo wa Magharibi. Watumiaji wengi wa neno hili hawajui kwamba historia hizi mbili ziliwahi kukutana katika ardhi yetu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni fursa ya kuanzisha makao katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo uko Kenya. Mpango huo umeitwa Mpango wa Uganda, ingawa eneo lenyewe lilikuwa limekwisha kuhamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1902. Mkutano wa Sita wa Wazayuni, Agosti 1903, ulikubali kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma wajumbe wa kuikagua nchi. Mkutano wa Saba, mwaka 1905, uliukataa mpango huo. Walowezi Waingereza wa Kenya nao waliupinga. Wanandi na Wamasai, wenye malisho, hawakuulizwa.

Kisa hiki kinafundisha mambo mawili. Kwanza, dola ya kikoloni ilijihesabu kuwa na haki ya kugawa nchi ya wengine, iwe Uasin Gishu au Palestina. Pili, wengi wa Wazayuni waliikataa Uasin Gishu kwa kuwa haikuwa nchi ya mababu zao. Mlowezi wa Kenya alikuwa na Uingereza ya kurudia, na hakudai kwamba mababu zake walizikwa Nakuru. Myahudi aliyeikimbia Urusi au Ujerumani hakuwa na pa kurudi, na alidai kwamba anarejea. Mwanafunzi si lazima aukubali au aukatae ulinganisho wa walowezi hawa. Analopaswa kujua ni kile ambacho neno hilo linaonyesha na kile linachoficha.

4.0 Dhamana mbili, Ibara ya 6 mbili

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Uingereza nchi kadhaa kwa dhamana. Dhamana ya Tanganyika ilithibitishwa tarehe 20 Julai 1922, na ile ya Palestina siku nne baadaye, tarehe 24 Julai 1922. Kila hati inazungumzia ardhi katika Ibara ya 6, na kuzisoma ibara hizo pamoja ni somo kamili la historia.

Ibara ya 6 ya Tanganyika ilimtaka mtawala azingatie sheria na mila za wenyeji katika kutunga sheria za ardhi, alinde masilahi yao, na asiruhusu ardhi yao kuhamishiwa kwa asiye mwenyeji bila idhini ya serikali. Ibara ya 6 ya Palestina ilimtaka awezeshe uhamiaji wa Wayahudi na kuhimiza makazi yao katika ardhi, zikiwamo ardhi za serikali, bila kudhuru haki za makundi mengine ya wakazi. Hati hiyo ilikuwa imeingiza ndani yake Tamko la Balfour la tarehe 2 Novemba 1917. Basi mdhamini alikuwa mmoja na mwaka ulikuwa mmoja, lakini alikabidhiwa kazi mbili zilizo tofauti. Katika Palestina aliahidi mambo mawili ambayo, kufikia uasi wa Waarabu wa 1936 hadi 1939, ilidhihirika kwamba hakuweza kuyatimiza pamoja. Tume ya Peel ilipendekeza nchi igawanywe mwaka 1937.

Hata hivyo, hati njema si ulinzi tosha, na jambo hili linajulikana vyema Kaskazini. Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi ya Jaji Wilson, mwaka 1947, ilipendekeza mashamba ya Wazungu yaunganishwe katika ukanda wa Sanya, baina ya Kilimanjaro na Meru. Kutokana na hayo, mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili aliyefanya kazi Moshi, alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura za Baraza Kuu.

Baraza hilo la Umoja wa Mataifa, miaka mitano kabla, tarehe 29 Novemba 1947, lilikuwa limepitisha Azimio namba 181 la kuigawa Palestina, kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia. Viongozi wa Wayahudi walilikubali, Waarabu wakalikataa, vita vikafuata. Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au kufukuzwa, tukio wanaloliita Nakba. Katika miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya Wayahudi walitoka katika nchi za Kiarabu, nao wengi wao wakiacha mali zao. Nyuma ya vita hivyo kulikuwa na mauaji ya Wayahudi milioni 6 wa Ulaya.

Mjukuu wa mtu aliyenyang'anywa kihamba au malisho anaweza kuelewa Nakba bila kuhubiriwa. Lakini ulinganisho na Meru unakoma hapa: udhamini wa Tanganyika ulimalizika kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na madai ya ardhi yakaachwa kwa dola moja. Dhamana ya Palestina ilimalizika kwa vita, na mataifa mawili yamebaki na madai juu ya ardhi moja.

5.0 Maneno ya baada ya 1967

Vita vya Juni 1967 viliiweka Israeli katika Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki, Gaza, Sinai na Golani. Hapa Kiswahili kinakutana na ugumu wa kisarufi. Eneo linalokaliwa kwa kawaida ni eneo lenye wakazi, na ndiyo sababu wanahabari huongeza "kimabavu". Nyongeza hiyo hubainisha maana, lakini pia hutoa hukumu. Tunapendekeza "kukaliwa kijeshi", kwa kuwa hueleza hali yenyewe ya kisheria na humwachia msomaji hukumu.

Ugumu wa pili umo katika Azimio namba 242 la tarehe 22 Novemba 1967, linalotaka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyotwaliwa. Matini ya Kiingereza haina kibainishi mbele ya neno maeneo, ile ya Kifaransa inacho, na mabishano kuhusu tofauti hiyo yamedumu zaidi ya nusu karne. Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo. Mfasiri akiandika "maeneo yote" au "baadhi ya maeneo", amekwisha kuamua kesi. Aandike "maeneo yaliyotwaliwa" tu, kisha aeleze mabishano.

Aidha, maandishi yetu wenyewe yasomwe kwa kuzingatia mwaka. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, wakati Israeli ilipokuwa mshauri wa karibu wa Tanganyika. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaitambua dola ya Palestina mwaka 1988, ikarejesha uhusiano na Israeli mwaka 1995, na ikafungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018. Mwandishi wa kila kipindi aliandika katika mazingira ya urafiki au ya uhasama wa wakati wake, na mtafiti asiitwae istilahi yake kama kwamba haina tarehe.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba majina kama Wafilisti, Waisraeli na Sayuni humfikia mwanafunzi yakiwa na hukumu ndani yake, na kwamba maneno dhamana, ulowezi na kuhamishwa yanaweza kumrudisha katika historia. Kazi inayobaki ni ya wanaleksikografia na walimu kwa pamoja. Kamusi zitenganishe maana ya kimaandiko na maana ya kisiasa ya majina haya, na zitaje maumbo yanayotumiwa na Waislamu na yanayotumiwa na Wakristo bila kulifanya moja kuwa sanifu na jingine kosa. Walimu nao wazisome Ibara za 6 mbili sambamba, kwa Kiswahili, pamoja na shauri la Meru. Mwanafunzi wa Moshi aliyepitia njia hiyo anaweza bado kuegemea upande mmoja. Lakini atakuwa ameufikia kwa kujua kilichotokea, na ataweza kumweleza jirani yake wa dini nyingine sababu zake kwa maneno ambayo wote wawili wanayaelewa kwa maana moja.