Antibiotiki za kukuzia kuku: Faida ndogo bandani, hasara kubwa wodini

KWA miaka mingi wafugaji wa Denmark walichanganya dawa iitwayo avoparcin kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Mifugo hiyo haikuwa inaumwa. Ilipewa dozi ndogo kila siku ili ikue haraka.

Tatizo ni kwamba avoparcin ni ndugu wa karibu wa vancomycin, antibiotiki ambayo madaktari huwawekea akiba wagonjwa mahututi. Mwaka 1994, watu nchini humo walitumia kilo 24 tu za vancomycin, wakati mifugo ililishwa kilo 24,000 za avoparcin.

Dozi ndogo ya kila siku huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu wazaliane. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa enterokoki, bakteria wanaoishi katika utumbo wa kuku na wa binadamu. Anayehimili avoparcin huhimili pia vancomycin.

Enterokoki ni wagumu kufa. Huweza kuishi wiki kadhaa kwenye vyuma vya kitanda cha hospitali na vitasa vya milango, na husambazwa kwa mikono isiyonawiwa. Mtu mwenye afya njema mara nyingi hawamdhuru, lakini wakiingia kwenye damu ya mgonjwa mwenye kidonda cha upasuaji au mpira wa mkojo, dawa inayotegemewa hugoma.

Denmark ilipiga marufuku avoparcin mwaka 1995. Mwaka huo, zaidi ya asilimia 70 ya enterokoki waliopimwa kutoka kwa kuku wa nyama walikuwa sugu. Kufikia mwaka 2000 walikuwa chini ya asilimia 10.

Je, mfugaji alipata hasara? Mwanzoni mwa 1998, wafugaji wa kuku wa nyama wa huko waliacha kwa hiari antibiotiki zote za kukuzia. Vifo vya kuku havikuongezeka. Kilichoongezeka ni takriban gramu 16 za chakula kwa kila kilo ya kuku, gharama iliyofidiwa na fedha zilizokuwa zikinunua dawa. Kwa upande wa nguruwe, watoto walioachishwa kunyonya waliharisha zaidi mwanzoni, lakini kati ya 1992 na 2008 uzalishaji uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Januari 1, 2006, Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku antibiotiki zote za kukuzia mifugo.

Afrika Mashariki nako wapo wafugaji wanaowapa kuku wazima antibiotiki 'kwa kinga', au wanaokimbilia dawa hizo kideri kinapoingia. Kideri na gumboro husababishwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui. Kinga yake ni chanjo, hivyo fedha hizo hupotea bure.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwashauri wafugaji waache kuwapa antibiotiki wanyama wazima kwa ajili ya kuwakuza au kuwakinga. Badala yake, mfugaji azingatie ratiba ya chanjo, maranda makavu, maji safi na kuzuia wageni kuingia bandani. Kuku wakiugua, amwite mtaalamu wa mifugo kwanza, kisha atoe dozi kamili aliyoelekezwa.

Aidha, asiuze nyama wala mayai kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa kwisha. Naye mchuuzi, kabla ya kupakia matenga, amuulize mfugaji kuku hao walipewa dawa lini.