Moto Mfupi kwa Samaki Mbichi wa Tshangalele

Mji wa Likasi, huko Katanga nchini Kongo, uko mbali na bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki, na kamba wanaouzwa ufukweni Kilwa au Bagamoyo hawawezi kuufikia wakiwa wazima bila barafu. Samaki mbichi wa karibu na mji huo hutoka upande wa mashariki, katika ziwa Tshangalele, lililotokea baada ya mto Lufira kuzibwa pale Mwadingusha ili migodi ipate umeme, ambao mitambo yake ilianza kazi mwaka 1930. Hata hivyo, kamba wa pwani na tilapia wa ziwa hilo wana tabia moja inayompasa kila mpishi kuijua, nayo ni kwamba nyama yao haivumilii moto mrefu.

Nyama ya mbuzi imefungwa na kolajeni, yaani nyuzi ngumu zinazoshikanisha misuli, ambazo hulainika tu zikichemka kwa muda mrefu. Samaki, kwa kuwa mwili wake hubebwa na maji, ana kolajeni kidogo na nyepesi inayoyeyuka mapema, na kwa sababu hiyo kila dakika inayopita baada ya nyama kuiva huikamua maji yake na kuiacha kavu. Kuchemsha kwa saa nzima, jambo linalowafaa samaki waliokaushwa, ni kumharibu bure samaki mbichi aliyenunuliwa kwa bei kubwa.

Anayenunua atazame macho, ambayo yanapaswa kuwa angavu na yaliyojaa, kisha afunue mashavu aone kama matamvua yake ni mekundu, na abonyeze mgongo kwa kidole: nyama ya samaki mzima hurudi mahali pake mara moja. Matumbo, ini na matamvua yaondolewe yote, na hapa uangalifu ni wa lazima, kwa kuwa bonde la Lufira hupokea maji ya mto Panda yanayopita penye viwanda vya madini, na metali nzito hujikusanya zaidi katika viungo hivyo kuliko katika minofu. Usafi huo hupunguza hatari bila kuimaliza, kwani moto hauondoi metali.

Harufu ya tope, ambayo wengi huidhania kuwa dalili ya uchafu, husababishwa na jeosimini, kemikali inayotengenezwa na vijidudu vya majini na kuingia katika nyama ya samaki. Kemikali hiyo huvunjwa na ukali wa tindikali, na ndiyo maana ndimu na chumvi, zikipakwa hadi ndani ya michanjo iliyokatwa ubavuni na kuachwa robo saa, hufanya kazi ambayo viungo vingi haviwezi.

Njia rahisi kuliko zote ni kutanguliza mchuzi. Vitunguu na nyanya vikaangwe juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, mpaka mafuta yajitenge, maji kidogo yaongezwe, na samaki alazwe mwishoni kabisa, sufuria ifunikwe, moto upunguzwe kwa kutoa makaa kadhaa. Sufuria itikiswe kwa kushikwa masikio, wala mwiko usiingizwe, maana mwiko humvunja. Baada ya dakika nane hadi kumi hivi, kwa samaki wa ukubwa wa kiganja, sehemu nene iliyo nyuma ya kichwa ichomwe kwa ncha ya kisu: nyama iliyokuwa kama kioo itakuwa imegeuka nyeupe kama maziwa, itaachana kwa mapande na kubanduka kwenye mfupa. Anayependa liboke, yaani samaki aliyefungwa katika majani ya mgomba na kuwekwa juu ya makaa, hupata matokeo hayo hayo kwa mvuke wa samaki mwenyewe, ingawa humchukua muda zaidi.

Kwa kuwa joto lililobaki ndani ya nyama huendelea kuipika hata sufuria ikishateremshwa, bukari, yaani ugali, isongwe kwanza, ifunikwe, na walaji wawe wamekwisha kunawa mikono kabla samaki hajatoka motoni.